Kadre ya Rangi ya Majani

Mastiki ndiyo iliyoniponza. Niliingia kwenye karakana ya alumini kwa haraka, nikidhani nitatoka baada ya dakika kumi. Nyumba yetu ya zamani ya mtaa wa Muhumba ilihitaji madirisha mapya, vipimo nilikuwa navyo kwenye karatasi, kazi yangu ilikuwa kuchagua rangi tu. Mwenye karakana, kijana mwenye adabu, akanipangia mezani vipande vinne vya alumini: cheupe, cha kijivu, cheusi na cha kahawia. "Madame, tuweke gani?" Nyuma yake mzee mmoja alikuwa amekaa kwenye kigoda akikanda mastiki ya kushikizia kioo cha mlango wa mtu. Harufu ikanifikia: mafuta, chokaa, na kitu kama karanga zilizokaa sana mfukoni. Nikamsukumia kijana wa watu vipande vyake vyote vinne.

Nilimwambia nitarudi, nikakaa siku tatu bila kurudi. Mdogo wangu Bahati, ambaye ndiye anayeishi katika nyumba hiyo na mkewe na watoto, alinipigia simu asubuhi na jioni. "Yaya, dada yangu, iko rangi tu! Unawaza nini siku tatu?" Mwisho nilichagua kahawia, kwa sababu haionyeshi vumbi, na madirisha yamekwisha kuwekwa, na yanafunga vizuri, na hiyo si habari ya kumsimulia mtu. Lakini Bahati alikasirika, na simlaumu, maana hajui. Wakati ule alikuwa mtoto wa kubebwa mgongoni. Kwa hiyo naandika haya kwa ajili yake kwanza, halafu kwa ajili yenu wa rika langu, ambao mkinusa mastiki najua na ninyi mna mambo yenu.

Nyumba ile ilijengwa na Wazungu, zamani sana, kabla hata babu hajafika mjini. Madirisha yake yalikuwa ya chuma, makubwa, yamegawanywa katika vioo vidogo vidogo, na kila dirisha lilikuwa na mkono wa shaba ambao ukiuzungusha unalia. Kila mwaka mvua ikipungua papa, yaani baba yetu, aliyapaka rangi ya kijani. Hakumwachia mtu kazi hiyo. Alivaa suruali yake moja iliyojaa madoa, akafungua kopo kwa bisibisi, lakini kabla ya rangi alianza na mastiki. Aliikanda kiganjani mpaka ikapata joto, akaisukuma pembeni mwa vioo kwa kidole gumba, kioo baada ya kioo, bila kusema neno. Kipande kidogo alinipa mimi. Nilitengeneza ng'ombe, nyoka na mikate, na mikono yangu ikanuka siku nzima hata mama akanikataza nisiguse sahani ya bugali ya watu wengine.

Kazi yangu ya kweli ilikuwa wembe. Rangi ikishakauka, nilikwangua matone yaliyoangukia vioo, polepole, ulimi nje. Mahali pengine rangi ilikuwa imebanduka, na hapo uliweza kuona miaka: kijani juu ya kijani juu ya kijani, na chini kabisa kijivu cha Wazungu. Nilipenda sana kutia ukucha mahali hapo. Papa akiniona alipiga kelele, "Nsimire! Weye unatoboa nyumba ya batu!" Halafu anacheka, nami nacheka, na kesho yake natia ukucha tena.

Kwenye avenyu yetu hakuna mwingine aliyekuwa na madirisha ya kijani. Wengine walipaka meupe, wengine kahawia. Jirani yetu, Mama Chantal, alimtania papa kila mwaka bila kuchoka. "Papa Nsimire, hii nyumba iko dispensari ao iko kambi ya basoda, ya askari?" Papa anamjibu akiwa juu ya ngazi, pinso, yaani brashi, mkononi, "Iko nyumba ya mutu anapenda majani, Mama Chantal. Lete mbuzi yako ikule." Nilijivunia sana majibu ya papa. Niliyapeleka shuleni na kuyatumia kwa watu wasiohusika.

Kisha kazi ya papa ikakwisha. Alikuwa mtunza stoo wa kampuni moja, na kampuni ikafunga milango. Alikaa nyumbani miezi kadhaa akitengeneza vitu visivyoharibika, mpaka mdogo wake, tonton Mugisho, akaja kutoka Luhwindja. Tonton alikuwa anachimba dhahabu kule. Alisema kuna shimo jipya, wanatafuta watu wa kuaminika, ni suala la miezi michache tu. Mama hakupenda. Alisema mara moja, kwa sauti ya chini, "Sipendi," na kisha akaanza kumkunjia papa nguo zake.

Siku ya kuondoka nilimkuta papa ameketi kwenye ngazi za baraza akifunga kamba za viatu. Nilikuwa nimebeba neno kwa wiki nzima. Furaha, mtoto wa Mama Chantal, alikuwa ameniambia jambo la kutisha, na Furaha alikuwa na miaka kumi, aliyajua mambo.

"Papa, Furaha anasema batu banaendaka ku zahabu, banasahauka njia ya kwabo."

"Ah bon? Furaha alisha kwenda ku zahabu mara ngapi?"

"Papa, usicheke."

Akaacha kucheka. Akanigeuza, mikono yake mabegani mwangu, tukatazama nyumba pamoja. "Avenyu hii yote, nani mwingine iko na madirisha ya rangi ya majani?"

"Hakuna."

"Voilà. Hata nikikawia, hata nikichoka namna gani, nitapandisha hii njia nikiangalia madirisha tu. Nikiona rangi ya majani nitasema, njo hapa, ndiyo hapa, kwa Nsimire. Sasa weye utachunga madirisha yangu?"

"Nitachunga."

Alikuwa anatania. Leo najua alikuwa anamtuliza mtoto ili asiende na machozi yake barabarani. Lakini mimi nilikuwa na miaka minane, na mtu akiniambia kitu huku amenishika mabega nilikichukua chote kama kilivyo. Nilielewa kwamba papa hana alama nyingine ya kututambua. Sura yangu, mama, namba ya nyumba, vyote alikuwa ameviweka kando. Ilibaki rangi.

Mvua za mwaka ule zilikuwa mbaya. Papa hakuwepo wa kukanda mastiki, na ya zamani ikakauka, ikapasuka, ikadondoka vipande vipande. Maji yaliingia saloni, sebuleni kwetu. Chuma kilishika kutu na kuvimba, dirisha la chumbani likakataa kufunga, na Bahati akaanza kukohoa kikohozi ambacho hakikuisha. Halafu asubuhi moja kioo kikang'oka chenyewe, kikaangukia mkeka. Mama alikuwa amemwinua Bahati kutoka kwenye mkeka huo muda si mrefu. Alisimama akivitazama vile vipande, mtoto kifuani. Siku hiyo hiyo alimwita fundi.

Fundi wetu aliitwa Papa Deo, mwanamume mrefu mwenye penseli sikioni, mcheshi, mwenye kukohoa kabla ya kusema ukweli. Alizunguka nyumba nzima akigonga chuma kwa kidole. Akakohoa.

"Mama Nsimire, miye siwezi kukudanganya. Hizi chuma zilisha kufa. Tuziondoshe zote, tuweke madirisha ya mbao. Mbao ya muzuri, ya pori, itakuzika."

"Na rangi?" nikauliza.

"Kwanza mbao, mutoto. Rangi njo ya mwisho." Akamgeukia mama. "Lakini majani, hapana. Batu hawapakake tena majani. Utaweka verni ya kung'arisha mbao, ao nyeupe, itakuwa safi."

Nilisema itakuwa ya majani, papa alisema. Mama akanijibu kwa upole, kwa kuwa alikuwa amechoka, "Rangi tutaiongelea papa yako akirudi."

"Lakini kama haiko ya majani, hatarudi! Hatajua njo kwetu!"

Papa Deo akaangua kicheko. Mama naye akacheka, kidogo, cheko la kwanza tangu mvua zianze. Niliwachukia wote wawili. Hivi hawakuona? Walikuwa wanangoja mtu arudi ndipo waweke alama ya kumrudisha. Mtoto wa miaka minane aliliona tatizo hilo, na watu wazima wawili wenye akili wanacheka.

Basi nikaanza vita. Niliiba mita ya fundi, nikaificha ndani ya sufuria ya mchele. Alitafuta asubuhi nzima, akamshuku mbuzi wa Mama Chantal, na mama alipotaka kupika akaivuta kutoka kwenye mchele kama utumbo. Nilipigwa. Papa Deo akaniombea msamaha, akasema, "Huyu atakuwa avoka, atatetea batu, muache." Nikajaribu maombi. Nikajaribu kopo la zamani la papa lililobaki chini ya meza ya jikoni, lakini rangi ilikuwa imefanya ngozi juu, na chini ya ngozi ilikuwa ngumu. Na wakati wote huo fundi alikuwa uani chini ya turubai lake, anapiga randa, na mbao za madirisha yetu zinasimama ukutani moja baada ya nyingine, tupu, bila rangi yoyote.

Hapa lazima nieleze neno, kwa ajili ya wasio wa kwetu. Sisi mbao zinazozunguka dirisha tunaziita kadre. Zinazozunguka mlango, kadre. Na fremu inayozunguka picha ya mtu ukutani, nayo ni kadre, neno ni lile lile. Papa Deo alitengeneza zote. Kwa majuma mengi nilikuwa nasikia neno hilo kutwa nzima, kadre ya saloni, kadre ya chumba, kadre haijanyooka, na kwangu lilikuwa na maana moja tu.

Mchana mmoja niliporudi kutoka shule nilimkuta Mama Chantal ananingoja barabarani. Akanishika mkono, akanipeleka kwake, akanipa chai na mkate uliopakwa siagi pande zote mbili. Pande mbili! Nilishangaa lakini sikuuliza, nilikula. Furaha alikaa mbele yangu, hakunitania, hakula, alinitazama tu. Kupitia uzio nilisikia sauti za watu kwetu. Nilichungulia, nikaona viatu vya tonton Mugisho kwenye ngazi za baraza, vyekundu kwa udongo.

Tonton amerudi! Na papa aliondoka naye. Kama tonton yuko kwenye baraza, papa yuko nyuma, anapandisha na mizigo. Niliona wanaume wanafunga bashi uani, lile turubai kubwa la kukodi, na harusini pia hufunga bashi. Niliona viti vya parokia vinashushwa. Niliona sufuria kubwa. Nilisikia mwanamke analia, nikajieleza mwenyewe: koko, bibi yetu, alilia hivi hivi shangazi aliporudi kutoka Kinshasa, watu wazima hulia wakipokea mtu. Kila kitu kilinipa jibu, na jibu lilikuwa sherehe. Kitu kimoja tu kilikuwa kibaya. Madirisha ya zamani yalikuwa yamekwisha kung'olewa upande wa barabara, na mapya yalikuwa bado mbao tupu.

Nilimponyoka Mama Chantal. Nilipita chini ya waya wa uzio, nikaingia uani kwetu. Tonton alikuwa amesimama na Papa Deo karibu na meza ya fundi, na wazee wawili wa ukoo, na mmoja wao alikuwa anasema, "Kadre iwe tayari kesho asubuhi."

"Itakuwa tayari," Papa Deo akasema. Hakuwa na utani siku hiyo. "Mbao iko. Niambieni tu rangi."

"Nyeusi," akasema mzee.

"Nyeusi, njo kawaida," akasema mwingine.

Nyeusi! Sikungoja. Niliwaingia katikati nikipiga kelele ambazo hata mimi zilinishtua. "Hapana! Hapana! Kadre iko ya rangi ya majani! Papa alisema! Papa alisema yeye mwenyewe, ya majani!"

Wanawake waliokuwa wanachambua mchele waliacha. Tonton Mugisho alinitazama, akafungua mdomo, kisha akajiziba uso kwa mikono yote miwili, na mabega yake yakaanza kuruka. Sikuwahi kuona mwanamume mkubwa analia hivyo. Nilidhani nimemuudhi, lakini sikuwa tayari kurudi nyuma. Nilikuwa nimepewa kazi.

Mama akatoka ndani. Alikuwa amefungwa kitambaa kichwani na wanawake wawili walimshika huku na huku. Akaiondoa mikono yao. Akaja mpaka kwangu, akachuchumaa, nami nikaona macho yake yamevimba.

"Papa yako alikuambia nini, Nsimire? Niambie vizuri."

Nikamweleza yote, haraka haraka, ngazi za baraza, Furaha, mabega, njia, kwamba akipandisha ataangalia madirisha tu, na kama si ya majani atatupita. Alisikiliza mpaka mwisho. Kisha akasimama.

"Papa Deo. Kadre iko ya rangi ya majani."

Mzee wa kwanza akakohoa. "Mama, batu batasema nini? Kadre ya namna hiyo mu matanga..."

"Baseme," mama akajibu.

Nami nikaruka. Naandika hili kwa aibu, miaka imepita na aibu haijapungua: niliruka juu, nikapiga makofi. Nilikuwa nimeshinda. Mzee alitamka neno matanga wazi kabisa, na mimi ninajua matanga ni nini, nimekula mchele wa matanga mara ngapi, lakini neno lilipita pembeni mwa masikio yangu kwa sababu nilikuwa na furaha. Nilirudi kwa Mama Chantal nikirukaruka, nikamwambia Furaha, "Papa yangu anakuja, na madirisha itakuwa ya majani, mama alisema mbele ya bote." Furaha akakimbilia ndani. Mimi nikamaliza mkate wake.

Kesho yake asubuhi wakanivalisha gauni jeupe la kanisani. Saloni ilikuwa imeondolewa viti vyote. Kwenye meza, juu ya kitambaa cha mama cha harusi, kulikuwa na maua na mshumaa, na katikati ilisimama picha ya papa, ile ya koti na tai, imekuzwa. Kuzunguka picha kulikuwa na mbao nne, zimekatwa vizuri pembeni, zimepakwa kijani. Rangi ilikuwa mbichi bado. Nilinusa.

Wanawake walikuwa wamekaa chini kuzunguka ukuta. Niliitazama ile kadre kwa jicho la fundi. Nikamwambia aliyekuwa karibu, "Hii iko kidogo sana. Papa hawezi kuiona kutoka barabarani." Yule mwanamke alitoa sauti, si neno, sauti tu, na ikapokelewa na mwingine, na mwingine, mpaka saloni nzima ikawa inalia, nami nimesimama katikati na gauni langu jeupe, sijui nimesema nini kibaya.

Mama akanivuta, akanipakata, mimi mkubwa hivyo. Akasema karibu na sikio langu, bila kuzungusha, na namshukuru mpaka leo kwamba hakuzungusha. "Sikia, mutoto wangu. Shimo lilianguka. Papa yako alikuwa ndani. Bachimbaji balitafuta siku ine, hawakumupata, udongo ulikuwa mwingi. Papa yako alikufa. Hatarudi."

"Lakini ulisema kadre iko ya majani."

"Njo ile," akasema, akanionyesha picha. "Njo ile nilisema."

Sikulia wakati huo. Nilitazama kadre, nikatazama matundu ya ukuta ambako madirisha yalikuwa bado hayajaingia, na mwanga ukipita ovyo, na nikajaribu kuyaweka maneno mahali pake. Ilichukua muda. Watu walikuja, wakaimba, wakasali, wengine wakanong'ona juu ya ile rangi kama mzee alivyoonya. Nilimsikia mmoja akiuliza kama familia imekosa hata rangi nyeusi. Mama alisikia pia, akaketi wima zaidi.

Nikiwa mtu mzima nilimuuliza siku moja kwa nini alikubali. Tulikuwa tunamenya mihogo, na hakuacha kumenya. "Hakukuwa mwili," akasema. "Hakukuwa kaburi. Bazee balikuwa banapanga kila kitu, wapi, lini, namna gani, hata rangi. Hakuna mutu aliniuliza papa yako alipenda nini. Weye njo ulikuja kusema. Ningekatala namna gani?" Kisha, baada ya muhogo mwingine, "Tena nilikuona unaruka. Nilisema, muache aruke leo. Kesho njo nitamuambia." Alinipa siku moja. Alikuwa amebeba habari ile na bado akanikatia siku moja kutoka ndani yake. Sijui kama mimi kwa wanangu ningeweza.

Juma la pili baada ya matanga Papa Deo alirudi kumaliza kazi. Bashi lilikuwa limeshuka, viti vimerudi parokiani, na tonton amekwenda kwake na hataki kusikia tena habari ya Luhwindja. Fundi akaingiza madirisha yote, akayanyoosha, akakanda mastiki mwenyewe, akashikiza vioo. Kikohozi cha Bahati kilianza kupungua siku zile zile. Ikabaki rangi.

Alikuja na makopo matatu, akayapanga chini ya dirisha la chumba cha mama: la verni, la nyeupe, na la kijani lililofunguliwa kwa ajili ya picha. Hilo la kijani alikuwa amelinunua kubwa, la kutosha nyumba nzima, ingawa hakuna aliyemwomba. Mama alikuwa kwenye baraza na nguo zake nyeusi, Bahati magotini.

"Mama Nsimire, tupake gani?"

"Uliza Nsimire," akasema mama. "Yeye njo alipewa hizi madirisha."

Papa Deo akachuchumaa mbele yangu, penseli sikioni. Aliniongelesha kwa heshima kabisa, kama mwenye nyumba. "Bon. Miye sigusi pinso mbele ya weye kuniambia. Hii ya majani iko mingi, itaenea yote. Tupake gani?"

Nilitazama makopo. Nilitazama njia inayopandisha kwetu, na ilikuwa na watu, wanawake wenye vikapu, watoto wa shule, mtu na baiskeli anaisukuma.

"Yoyote," nikasema.

Akafikiri natania. "Yoyote? Miye nilifichiwa mita yangu mu mchele ju ya rangi ya majani, leo unasema yoyote? Yoyote iko rangi gani, Nsimire?"

Mama ndiye aliyemjibu, kutoka kwenye baraza, bila kuinua sauti.

"Muache, Papa Deo. Alisha elewa."

Fundi akanyoosha mkono akachukua kopo lililokuwa karibu naye, akalifungua. Lilikuwa jeupe. Akachovya pinso, akaanza na dirisha la chumba cha mama.